Ulinituma Macho Tu

Kikula, Likasi
mwezi wa sita, baridi imeingia

Kwa Yaya yangu mupendwa Ambroise, huko Mulungwishi,

Yaya, pokea salamu zangu kwa mikono miwili, minye mudogo wako Gertrude. Kwanza nauliza goti: bado linakusumbua asubuhi, ama ile dawa ya kupaka ambayo mulamu wangu, Suzanne wako, alinunua imelituliza? Na kikohozi chake Suzanne mwenyewe? Baridi ya mwaka huu haina heshima kwa wazee, hapa Kikula tunavaa makoti mpaka ndani ya nyumba. Na mahindi yenu, mumeshayaingiza? Sisi huku tuko wazima. Minye niko muzima kupita uzima. Émilienne, jirani yangu wa kuuza mikate, anasema nimenenepa na nimeng'aa, na weye unamujua Émilienne: neno zuri linamutoka kwa shida kama jino.

Ninakuandikia kwa karatasi maana weye ulisema zamani kwamba mambo ya bukwe, haya ya watoto kuoana, hayapiti katika telefone, yanasikika vibaya na yanakatika katikati. Basi nimekaa, nimeandika, na barua nimempa muntu wa kuaminika aiweke mukononi mwako. Tafadhali usikimbilie mwisho. Nakujua, hata gazeti unalianzia nyuma. Hii isome polepole, kila neno lina zamu yake.

Weye ndiye ulinituma. Jenny wangu alipotueleza mwaka jana kwamba kule Thailand anakofanya biashara ya mawe kuko kijana anayemutaka, na kijana anamutaka kwa ndoa si kwa michezo, tulikuja kwako, maana tangu mume wangu Germain alale, mujomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, na hata Germain angekuwa muzima tungekuja. Haukukasirika, haukucheka. Ulisema: Gertrude, mutoto anakulipia tiketi ya ndeke, panda uende ukawatazame watu hao. Tazama wanavyomutendea mama yao, tazama kama wanafanya kazi, tazama wanaabudu nini. Halafu urudi uniambie, na minye ndiye nitasema. Ukaongeza, na kidole chako kimeinuka: ninatuma macho yako, Gertrude, mudomo wako ubaki hapa. Nikajibu ndiyo Yaya. Suzanne ni shahidi, alikuwa anachambua maharagi.

Basi macho yamerudi, Yaya, na yamejaa mpaka yanamwagika.

Nianze na ndeke. Nilikaa karibu na dirisha. Pembeni yangu kulikuwa mwanaume mumoja wa Kolwezi, mufanyabiashara mwenye tai na saa, akataka kunifundisha kufunga mukanda. Nikamuonyesha kwamba wangu ulishafungwa zamani na wake ndio umejipinda. Walileta chakula, nikala. Walileta blanketi, nikajifunika. Nikaomba sahani ya pili, yule binti wa ndeke akacheka akaniletea. Fikiria, Yaya: Gertrude aliyeishia darasa la sita, aliyekuwa anatembea na sufuria ya beignets, maandazi ya kuuza, kichwani, anakula kuku juu ya bahari na mawingu yako chini ya vilato vya miguu yake. Nilitamani Émilienne apite pale nje anione.

Tulipofika Bangkok, nusura mambo yaharibike. Katika valizi nilibeba unga wa mahindi wa kinu cha hapa kwetu Kikula, na samaki ya kukauka ya ziwa Tshangalele, nimeifunga vizuri katika gazeti na nailo, maana mama haendi kwa mutoto wake mikono mitupu. Watu wa duane, wa kukagua mizigo, wako na mbwa. Mbwa akaja, akaikalia valizi yangu, akakataa kuondoka. Akaja binti mumoja mwenye kofia, akafungua, akanusa samaki, akaita wenzake, nao wakanusa. Nikasema basi Gertrude, utalala gerezani kwa harufu ya Tshangalele. Kumbe yule binti alikuwa ananiuliza kwa mikono kama samaki hii inakaangwa ama inachemshwa. Nikamueleza kwa mikono vilevile: inalowekwa kwanza, halafu nyanya, halafu kitunguu, moto mudogo. Akafunga valizi, akakunja viganja mbele ya uso, akaniinamia. Ndiyo kusema dada yako amefundisha serikali ya watu kupika.

Jenny alinipokea. Yaya, huyo mutoto amekuwa muntu. Anakaa katika muji unaoitwa Chanthaburi, muji wa mawe. Mwisho wa wiki watu wanatoka pande zote za dunia, Wahindi, Wasenegali, Wachina, wanakaa kwenye meza barabarani, na wenye mawe wanapita wakifungua vikaratasi vidogo kama dawa ya hospitali. Jenny yuko na meza yake. Malakiti ya kwetu, haya mawe ya kijani ambayo hapa Likasi tulikuwa tunayawekea mulango upepo usiufunge, kule watu wanayashika kama yai. Na anasema lugha yao. Ni lugha ya kuimba, sauti ikipanda ni jambo hili, ikishuka ni jambo lingine, na Jenny anapanda na kushuka kama aliyezaliwa pale. Wauzaji wanaume wenye ndevu wanamuogopa. Akili hiyo tunajua imetoka kwa nani. Germain, Mungu amuweke pema, alikuwa na mikono mizuri tu.

Nchi yenyewe ni ya joto la unyevu, unatoka kuoga na jasho linakungoja mulangoni. Miti inaota kama haina kazi nyingine. Kuko tunda linaitwa duriani, kubwa kama kichwa cha mutoto, la miba, na harufu yake sitaiandika katika barua inayokwenda kwa muzee wa kanisa. Wenyewe wanalipenda kama sisi bukari, ugali wetu. Mbele ya kila nyumba kuko kijumba kidogo juu ya nguzo, ni cha roho za uwanja, na kila asubuhi wanaziwekea roho Fanta nyekundu, imefunguliwa, na mrija ndani. Nilimuuliza Jenny kama chupa inarudi tupu. Akasema Mama, usianze.

Sokoni nilipata sifa. Kuko muke mumoja anauza wadudu wa kukaanga, panzi, viwavi, vitu vyote. Wazungu walikuwa wamesimama pale wanapiga picha na kukunja pua. Minye nikapita katikati yao nikanunua viwavi, nikala palepale, nikaomba nyongeza. Ni vinkubala vyetu kabisa, ila wanaweka chumvi kidogo, na nilimuambia. Yule muke alifurahi, akaniita nikae upande wake wa meza, na wazungu wakaanza kunipiga picha minye na nguo yangu ya kujifunga, kikwembe cha maua. Jioni muji wote ulijua kwamba mama ya Jenny amefika.

Sasa nije kwa watu ulionituma kuwatazama. Kijana anaitwa Narong. Mama yake anaitwa Lamyai, mujane kama minye, na huyo mama anamuita Narong Chura. Nilishangaa mama kumuita mutoto wake wa kwanza Chura, Jenny akanieleza kwamba kule kila mutoto anapewa jina la hovyo ili roho mbaya zisimutamani. Wako na shamba la yale matunda ya harufu, na Narong kazi yake ni kukata mawe na kuyang'arisha. Anakaa mbele ya gurudumu tangu asubuhi, mugongo umenyooka, kimya. Kazi wanafanya, Yaya. Hiyo andika ndiyo.

Wanaabudu nini? Nimetazama. Kuko sanamu kubwa ya dhahabu, imekaa imetulia kama muntu asiyengoja habari yoyote. Sikuinama, nilisoma Zaburi moyoni mpaka nikatoka. Lakini sitakuficha nilichoona. Alfajiri watawa wao wanapita barabarani, vichwa vimenyolewa, kitambaa cha rangi ya chungwa, miguu mitupu, kila mumoja na bakuli. Mama Lamyai anapika wali, na kijiko cha kwanza hakiingii katika sahani ya nyumba yake, kinaingia katika bakuli zile, na yeye amepiga magoti kwenye lami. Nikauliza kama ni watu wasio na ndugu. Jenny akasema wengi wako na mama zao na nyumba zao, na Narong mwenyewe alinyoa akakaa nao musimu mumoja wa mvua, kabla ya kutafuta muke, ili baraka imuendee mama yake. Mwanangu Ricky nimemuomba tangu Pasaka anyoe zile nywele zake, na bado.

Na hapo ndipo kosa langu lilipoanza kuota, usikilize vizuri. Asubuhi moja muzee wao wa watawa alikuwa amesimama karibu nami. Nikaona aibu kumuangalia tu, nikaenda kumupa mukono namna tulivyofundishwa, mukono wa kuume mbele na wa kushoto umeshika kiwiko. Jenny akanivuta kikwembe, nusura nianguke. Kumbe mwanamuke hamugusi mutawa, wala hamupi kitu mukono kwa mukono. Nikafurahi sana. Nikajiambia: kumbe hawa wanajua heshima ya kutogusana, basi na bukwe watakuwa wanaijua kama sisi, sina haja ya kueleza kitu.

Weye unajua nilivyolelewa. Mama yetu hakumutazama Germain machoni mpaka ile siku alipompikia. Mukwe akipita njia hii, mama mukwe anapita ile. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawakai kwenye mukeka mumoja, na kadiri mama anavyojificha ndivyo watu wanavyosema huyu amemupenda mukwe wake, anamuheshimu. Basi Narong alipoingia mara ya kwanza kunisalimu, nilijifunika kikwembe mpaka machoni, nikageukia ukuta. Akaleta chakula, amekipika mwenyewe, supu ya samaki yenye majani ya kunukia, akakiweka mezani, akavuta kiti akae nile naye. Nikachukua sahani yangu, nikaenda kula nyuma ya nyumba pamoja na kuku. Nikisikia pikipiki yake, ninaingia chumbani. Siku moja alinikuta njiani sokoni, nikaruka mufereji nikapita upande wa pili, na umri wangu huu. Yaya, nilifanya kazi. Kila jioni nilikuwa najisifu moyoni: watu hawa watasema Jenny ametoka nyumba ya watu.

Mama Lamyai alianza kunitazama kwa jicho dogo. Nikadhani ni jua.

Ikafika sikukuu yao ya mwaka mupya, mwezi wa nne, joto limefika juu. Siku hizo nchi nzima inamwagiana maji. Si maneno, Yaya. Wazee, watoto, askari, wote. Magari yanapita na mapipa ya maji yenye barafu, na vijana nyuma na ndoo, hawakuulizi jina. Minye nilitoka mulangoni na kikwembe kipya, muntu akanimwagia ndoo ya barafu mugongoni, nikapiga kelele Kikula nzima ingesikia. Halafu nikaomba ndoo. Yaya, mukono huu umechota maji kwenye bomba la Kikula tangu ni mutoto, hawakujua wamemuanza nani. Nilisimama kwenye kona, kila gari linalopita linapata haki yake. Kijana mumoja wa kanzu nyeupe nilimupata masikioni, akarudi akanipaka unga mweupe mashavuni kwa adabu na kuniinamia. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Tangu Germain alale sikuwa nimecheka namna ile.

Muchana tukarudi nyumbani kwa jambo la heshima. Siku hiyo wazee wanakaa kwenye mustari, wanafungua viganja juu ya bakuli, na vijana wanakuja kwa magoti, mumoja mumoja, wanawamwagia maji yenye maua ya harufu nzuri mikononi, polepole, na kuomba msamaha wa mwaka uliopita. Muzee anawabariki, yamekwisha. Wakanikalisha karibu na Mama Lamyai, kwenye kiti kizuri. Jenny akapita, akanimwagia, nikambariki mpaka machozi. Binamu wa Narong wakapita, nikawabariki kwa Kiswahili, wakasema asante kwa lugha yao. Halafu akaja Narong. Alikuwa amevaa shati nyeupe iliyopigwa pasi, amebeba bakuli la fedha, magoti chini, kichwa chini. Akainua bakuli.

Ningefanya nini? Mukwe kunimwagia maji mikononi, mbele ya watu, kabla sijamupikia? Nilirudisha mikono chini ya kikwembe, nikafunika uso, nikageukia ukuta. Na nilifanya vizuri, kwa madaha, kama mama yetu angefanya.

Hakuna aliyecheka. Narong alikaa pale na bakuli lake limeinuka, muda murefu. Halafu akaliweka chini, akasimama, akatoka. Mama Lamyai aliangalia viganja vyake mwenyewe vilivyolowa, akavipangusa kwenye nguo, akaingia ndani. Wageni wakaanza kutafuta vilato. Nikamuuliza Jenny kama chakula kimechelewa.

Jenny akanivuta mpaka nyuma ya nyumba, uso umeloa, na hayakuwa maji ya sikukuu. Akasema, Mama, basi Mujomba amekataa, na mulikuwa munajua tangu mwanzo. Nikasema Mujomba amekataa nini? Akasema alijua tangu siku ile ya supu. Alidhani nitanyamaza tu kwa sababu ya hasira yako mpaka nirudi, hakudhani ningemuaibisha Narong mbele ya ukoo wake siku ya kuomba msamaha, maana kule muzee akikunyima mikono siku hiyo amekufunga, hakuna baraka, hakuna ndoa. Akaniambia, sasa hivi Mama Lamyai anamuuliza mutoto wake kama ni rangi yao ama ni dini yao ambayo sisi tunaichukia.

Yaya, nilicheka kwanza. Mungu anisamehe, nilicheka. Halafu nikaona kwamba huyu mutoto wetu aliyelelewa mujini, aliyeondoka hapa kijana, hata siku moja hakuwahi kuona bukwe inavyofanywa, maana hapa Kikula siku hizi wakwe wanakunywa bia pamoja. Nilikuwa nimemupenda mukwe wangu kwa nguvu zangu zote, na hakuna hata muntu mumoja katika nyumba ile aliyejua. Nikaacha kucheka.

Tukaingia kwa Mama Lamyai. Nikaeleza, Jenny akitafsiri na kujipangusa pua. Nikamuonyesha kwamba kujifunika si chuki, kula na kuku si chuki, kuruka mufereji si chuki. Alinisikiliza, mikono magotini. Mwisho akauliza swali moja: hiyo heshima yenu inaisha lini? Nikamuambia, inaisha siku mama mukwe anapompikia mukwe wake na kumutumia sahani. Akila, akairudisha sahani ikiwa na kitu ndani, basi haya imetoka, ni mutoto wangu, ninaweza kumushika kichwa. Mama Lamyai akauliza, kwa nini basi haukupika? Wali uko hapa, moto uko hapa.

Nikamueleza juu yako. Nikamuambia kuko muzee wa nyumba yetu, na chungu hakiwekwi motoni kabla yeye hajasema. Akasema anaelewa, kwamba kwao pia muzee harukwi kichwa. Lakini aliposema hivyo alikuwa anatazama nje, kule karakana, na gurudumu la Narong lilikuwa halizunguki. Kijana yule hakuwahi kuacha gurudumu lake muchana.

Sasa Yaya, kaa vizuri. Kama umesimama, shika kitu.

Nilipika.

Nilitoa ule unga wa Kikula, nikatoa samaki ya Tshangalele, nikaomba sufuria kubwa na muti wa kusonga. Hawakuwa nao, nikasonga kwa muti wa mutwangio wao wa pilipili. Jenny aliponiona nimefunga kikwembe kiunoni na kuchemsha maji alisema, Mama, na Mujomba? Nikamuambia kata kitunguu. Nilijua ninachofanya. Siwezi kukuambia nilisahau, ama joto la kule lilinipanda kichwani. Mama akishapika, amepika. Hakuna aliyewahi kulisha mukwe halafu akasema lile halikuwa neno. Nilisema neno lako bila mudomo wako, Yaya. Ulinituma macho tu, nami nikaweka na mikono.

Narong aliletewa sahani karakana. Jenny alimuonyesha kumega, Narong akaungua vidole, akaendelea. Alikula bukari lote, na samaki mpaka mifupa, peke yake, amepiga magoti. Halafu akairudisha sahani mwenyewe, na ndani yake alikuwa ameweka kipande cha lile tunda la harufu, kilichoiva kuliko vyote katika shamba lao. Ukoo mzima ulisimama kuniangalia. Nilikila, Yaya, kwa ajili ya Jenny, kwa ajili ya jina letu, pua nimeifunga kwa ndani. Mama Lamyai alicheka mpaka akakaa chini. Halafu nilinyoosha viganja juu ya bakuli, na yule kijana akanimwagia maji. Nikamushika kichwa. Nikasema, mwanangu.

Ndivyo nilivyofanya, na nilipofika nyumbani nilikaa wiki kadhaa bila kuja Mulungwishi, nikisingizia uchovu wa ndeke. Si uchovu. Ni woga.

Na neno moja limebaki. Narong aliposikia kwamba kuna muzee ambaye neno lake lilichukuliwa, alisema hatachukua muke kwa neno la kuiba, ni lazima aje aliombe mwenyewe. Nikamuambia Mulungwishi si karibu. Akauliza mvua inaanza lini, ili aje kabla. Amefika na Jenny wiki hii. Analala kwa Adrien, dereva wa taxi, kwa sababu hawezi kulala nyumba moja na Jenny kabla hujasema, na hiyo ni yeye aliyeikumbuka, si minye.

Yaya, muntu aliyekupa barua hii ndiye yeye. Yule uliyemuacha mulangoni ukidhani ni Muchina wa mugodi aliyekutana na mujumbe njiani. Si Muchina, na tafadhali Suzanne asimuite hivyo. Amekunja viganja mbele ya uso wake akakuinamia. Hakuwa anakuabudu, ndiyo namna yao ya kusema jambo. Kiswahili anachojua ni Jambo Mujomba, na aksanti, na nimeshiba, hii ya mwisho ndiyo nilimufundisha ya kwanza. Nilimuambia kwetu kijana anayekuja kuomba muke hakai mpaka aambiwe. Ni muntu wa kushika neno, kwa hiyo amesimama tangu pale nilipouliza habari ya goti lako.

Minye niko hapa Kikula na Jenny. Hajala tangu asubuhi, na minye pia ninajifanya nakula. Hasira yako ni ya kwangu peke yangu, Yaya, uje nayo hapa nitaipokea kwa magoti, useme Gertrude uliiba neno langu, nami nitasema ndiyo. Neno bado ni lako. Ukisema hapana, minye mwenyewe nitarudi kwa Mama Lamyai kumuambia machoni, kwa sababu minye ndiye nililisha.

Nisalimie Suzanne, mwambie kikwembe chake cha hariri kiko hapa, rangi ya zambarau kama alivyotaka. Salimu wazee wote wa kanisa. Mungu alishike goti lako na nyumba yako. Nakomea hapa, maana kadiri ninavyoongeza maneno ndivyo yule mutoto anavyozidi kusimama. Ukikubali, mupe kiti. Ukikataa, mupe kiti vilevile, ametoka mbali.

Ni minye mudogo wako asiyesikia, anayekupenda,

Gertrude, mama ya Jenny